Sauti ya Marehemu na Mkasi wa Studio

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa walimu wa kambi mbele ya vijana wa kwaya, wajumbe wa kamati na mafundi wa studio, huko Rwezamenyo, Kigali. Kamati imeomba yachapwe katika toleo hili la kumbukumbu kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi katika gari.)

 

Tumeombwa kuzungumza juu ya kazi ya kukata na kugeuza sauti za watu kwa kompyuta ili kutengeneza muziki. Wengine watauliza: mwalimu wa lugha ana shughuli gani studio? Swali ni la haki. Sisi si wanamuziki. Tulipokuwa chuo cha ualimu, mwalimu wa nyimbo alituweka mstari wa nyuma kabisa akatuomba tufungue midomo tu bila kutoa sauti. Lakini jambo lililotuleta hapa lilianza na neno moja, na neno ndiyo kazi yetu. Aidha, sehemu ya kosa lililotokea ni letu sisi walimu, kama mtakavyosikia.

Yaliyotokea siku ya kumbukumbu mwaka jana wengi wenu mnayajua. Hata hivyo tutayasimulia tena kwa utaratibu, kwa sababu kambini yamesimuliwa kwa namna kumi, na tisa kati yake si za kweli.

Kulikuwa na mama mmoja ambaye jina lake hatutalitaja, kwa kuwa watoto wake wameomba hivyo. Alikuwa mwimbaji wa misiba. Alitoka Masisi na watoto wanne, akafika kambini mwaka 1996 na wawili. Kila alipofariki mtu, katika kartie yoyote ile, yeye ndiye aliyeanza kuimba na wengine wakamfuata. Wimbo mmoja aliutunga mwenyewe. Ndani yake aliwataja waliobaki njiani, mmoja mmoja kwa jina, na kila baada ya majina matatu alisema neno moja: hatutabasahau. Watumishi wa mashirika waliosoma Kiswahili cha shuleni watasema ni hatutawasahau. Ni kweli, lakini sisi wa Kivu tunasema "ba", naye aliimba kama alivyonena nyumbani kwake. Mwaka 2003 katekista mmoja alimrekodi kwa redio kaseti, chini ya turubai, mvua ikinyesha. Mama huyo amekwisha kufariki. Kaseti ilibaki ndani ya kopo la maziwa.

Vijana wetu, kwa nia njema kabisa, waliiomba kaseti hiyo. Walichangishana fedha walizopata kwa kubeba mchanga na kuchota maji, wakaja nayo hapa mjini, wakatafuta fundi, yule ambaye watu humwita prodyuza, na wakamwomba atie biti chini ya sauti ya mama ili wimbo upigwe siku ya kumbukumbu na vijana nao wausikie. Fundi alifanya kazi usiku mzima. Alipenda sana lile neno la kurudiwa. Kwa hiyo alilikata mara moja, kipande kimoja tu, akalipanga mara kumi na sita katika wimbo. Hivyo ndivyo kazi hii inavyofanyika: kipande kimoja kikikaa vizuri, hakuna haja ya kukata cha pili.

Siku ile spika zilikuwa mbili, kubwa, za kukodi. Watu walikaa kimya. Ikaanza biti, ikaja sauti ya mama, na wazee wakaanza kufuta macho. Kisha likaja neno, na tulichosikia kilikuwa: tutabasahau.

Mara kumi na sita.

Binti yake alikuwa amekaa mbele. Alisubiri mpaka mara ya tatu au ya nne, pengine akidhani masikio yake yamekosea. Kisha akasimama, akachukua kiti chake, akaenda nyumbani.

Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imeenea kambi nzima. Wapo waliosema fundi alilipwa ili atutukane. Wapo waliosema vijana wenyewe wamechoka na wafu. Mtu mmoja aliuliza fundi ni wa kabila gani, na tangu swali hilo liulizwe hapakuwa tena na mazungumzo, palikuwa na kelele. Vijana wawili wa kwaya walilala nyumbani kwa mchungaji siku tatu. Hapa Kigali hatuna haja ya kumweleza mtu madhara ya sauti inayotoka redioni na kuwaingia watu; mwaka 1994 mji huu uliyaona. Kwa hiyo tuwieni radhi ninyi mnaodhani kwamba tunakuza jambo dogo. Kamati haikuliona dogo. Ilituagiza sisi walimu wa lugha twende Rwezamenyo, tuketi na huyo fundi, tujue neno lilipoteaje.

Tulikuja tumejiandaa kwa ugomvi. Tukamkuta kijana wa miaka ishirini na miwili, katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani, na alipoelewa tumekuja kwa sababu gani alikaa kimya muda mrefu. Kiswahili anakijua vizuri. Katika mitaa hii mtu anaweza kuamka hadi kulala bila kusema lugha nyingine, na tangu mwaka 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za nchi hii. Lakini yeye hakuyasikiliza maneno. Alisikiliza sauti. Na sisi, tulipowapa vijana ruhusa ya kuja, hatukuwaandikia hata karatasi moja yenye maneno ya wimbo. Hilo ndilo kosa letu tulilolisema.

Akatuonyesha. Katika kompyuta sauti huonekana kama mchoro, milima na mabonde kutoka kushoto kwenda kulia. Penye nguvu mlima ni mrefu, penye kimya ni mstari tu. Katikati ya maneno ya mama hapakuwa na kimya, palikuwa na mvua juu ya turubai, kama nyasi fupi zilizojaa kila mahali. Fundi hakuitaka mvua. Akatumia kitu wanachokiita geti. Geti ni kama askari wa mlangoni: unamwambia kwamba sauti yenye nguvu kupita kiasi fulani aipitishe, na iliyo chini yake aifungie nje. Fundi akapandisha kiasi hicho taratibu mpaka mvua ikanyamaza yote. Akafurahi. Nani asingefurahi?

Sasa ubao ungetusaidia, lakini hata kwa mdomo itaeleweka. Lile neno lina silabi saba: ha, tu, ta, ba, sa, ha, u. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani hapo penye "sa-HA-u". Hapo mama alitoa kifua chake chote. Mwanzoni mwa neno alitumia pumzi ndogo tu, kama kila mtu. Na sisi watu wa Kivu hiyo "h" ya kwanza hatuitamki kwa nguvu. Wengi wetu husema "atutabasahau". Kwa hiyo mwanzo wa neno ulikuwa irabu moja nyepesi, nguvu yake sawa na ile mvua. Askari wa mlangoni akaifungia nje pamoja na mvua. Ilipofika "t" ya "tu", ambayo hupasuka mdomoni, mlango ukafunguka, na neno likaingia likiwa limepungukiwa kichwa.

Tulipima. Kilichopotea ni kama sehemu moja ya saba ya sekunde. Kompyuta iliyowekwa kwa kipimo cha muziki cha kawaida huigawa sekunde moja katika vipande 44,100, kwa hiyo tulipoteza vipande kama 6,300. Juu ya utepe wa kaseti, ambao hutembea chini kidogo ya sentimita tano kwa sekunde, ni milimita saba hivi: upana wa ukucha wa kidole kidogo.

Tungependa watumishi wa mashirika walizingatie hili, hasa wale wanaofanya kazi kwa lugha za Ulaya. Kifaransa, ambacho wengi wetu tulikisoma, hutia ukanushi kwa "ne" na "pas", na ukipoteza moja mara nyingi la pili hubaki na maana inaeleweka. Lugha zetu hazikukaa hivyo. Kiswahili hutia ukanushi mbele ya neno kabisa, katika silabi dhaifu kuliko zote. Kinyarwanda vilevile: ntituzabibagirwa ni hatutawasahau, ondoa "nti" na ibaki tuzabibagirwa, yaani tutawasahau. Neno linabaki zima, linatamkika, halina jeraha linaloonekana. Kama lingekuwa limevunjika, fundi angejua. Lakini halikuvunjika. Liligeuka.

Kazi ya kukata sauti si ngeni wala haikuanza na kompyuta. Watu wa redio wa zamani waliifanya kwa wembe. Utepe wao mpana ulitembea sentimita 19 au 38 kwa sekunde, nao walitafuta mahali kwa kuuvuta utepe kwa mkono mbele na nyuma mpaka wasikie mwanzo wa neno, wakatia alama kwa penseli, wakakata kwa mshazari ili muungo usipige kelele, wakaunganisha kwa utepe wa gundi. Katika utepe wa sentimita 19, ile "ha" yetu ingekuwa karibu sentimita tatu. Mkataji angeishika mkononi. Angejua ametupa kitu, kwa sababu kingekuwa kimelala sakafuni miguuni pake. Fundi wa leo hatupi chochote sakafuni, na labda hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote.

Vitabu vingi husema muziki wa namna hii ulianzia Paris mwaka 1948, kwa Pierre Schaeffer wa redio ya Ufaransa. Sisi walimu tunapenda kukumbusha Afrika. Mwaka 1944, mjini Cairo, Mmisri kijana aliyeitwa Halim El-Dabh, aliyekuwa amesomea kilimo, aliazima kwenye kituo cha redio mashine ya kunasa sauti kwa waya. Akaenda nayo kwenye zaar, ile ngoma ya wanawake ya kutuliza pepo, ambayo ndugu zetu wa pwani wana za kwao zinazofanana nayo. Alinasa sauti za waimbaji. Kisha, ndani ya vyumba vya kituo, akapunguza mizizi ya sauti, akaiachia ipige ukutani na kurudi kama mwangwi, akairekodi upya, mpaka sauti za wale wanawake zikawa kama upepo unaoomboleza. El-Dabh aliishi hadi mwaka 2017. Kwa hiyo mtu asije akawaambia vijana wetu kwamba kugeuza sauti kwa mashine ni jambo la Wazungu tu.

Wala hatukuja hapa kupiga marufuku. Wazee wawili walituomba tuseme kwamba biti ni dhambi; tumewaheshimu, lakini hatutalisema. Tazameni Dar es Salaam. Katika mitaa ya Manzese, Tandale na Mburahati vijana wasio na vyombo wala fedha walichukua vipande vya taarabu, wakaviongeza kasi, wakavirudiarudia, wakavighani juu yake, na ukazaliwa singeli, muziki unaokwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Mwaka 2017 kampuni ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na singeli ikasikika Ulaya. Hawakuwa na zaidi ya kompyuta na masikio. Vijana wetu nao wana masikio.

Tuliuliza mambo mengi kuhusu kasi, kwa sababu ya mama. Zamani, ukiongeza kasi ya utepe mara mbili, sauti nayo hupanda mara mbili, na mama mzima huwa mtoto. Watu wa singeli wameifanya hiyo kuwa ladha. Siku hizi programu zinaweza kuongeza kasi bila kupandisha sauti: huikata katika vipande vidogo sana, huacha vingine, huviunganisha vilivyobaki kwa kuvipishanisha. Ukitaka kupunguza kasi, vipande vinarudiwa. Ni ufundi mzuri. Lakini mwenye kuimba Kinyarwanda awe macho, maana katika lugha hiyo urefu wa irabu na kupanda kwake hubeba maana. Kuna neno la kumtembelea mtu, na kuna neno la jambo ambalo halitajwi mbele ya wakwe, na yote mawili yanaandikwa sawasawa. (Waliocheka wanalijua.) Kadhalika Auto-Tune, ambayo ilitoka mwaka 1997 kwa kazi ya Andy Hildebrand, mhandisi aliyekuwa akisaidia kutafuta mafuta ardhini kwa mawimbi ya sauti, na ambayo dunia nzima iliisikia mwaka 1998 katika wimbo wa Cher. Mashine hiyo huvuta kila sauti iende kwenye noti iliyo karibu. Haijui ni lugha gani inayoivuta. Kweli, hata mwimbaji asiye na mashine hupindisha neno ili lifuate wimbo. Lakini yeye hulisikia, na akiona limeharibika hulirudisha.

Sasa tunafika kwenye jambo linalotuuma zaidi, nalo ni la mwenye sauti.

Mwaka 1992 Wafaransa wawili, waliojiita Deep Forest, walitoa wimbo uliopendwa nchi nyingi, hata matangazo ya biashara yakautumia. Ndani yake kuna sauti ya mwanamke akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto, imewekwa juu ya biti. Albamu ile ilitangazwa kama muziki wa watu wa msituni, wale Wambuti na Wabaka wa huku kwetu Afrika ya Kati. Mwanamke yule hakuwa wa huku. Aliitwa Afunakwa, wa watu wa Baegu, kisiwa cha Malaita, Visiwa vya Solomon, katika bahari ya Pasifiki. Alirekodiwa na mtafiti Hugo Zemp, na sauti yake ikatoka katika santuri ya mfululizo wa UNESCO mwaka 1973. Mwaka 1996 mpiga saksofoni wa Norwei, Jan Garbarek, aliupiga wimbo huohuo na kuuita wa mbilikimo, maana yeye aliuchukua kwa waliokosea. Zemp alilalamika kwa maandishi. Na wimbo wenyewe unasema nini? Ni mtoto mkubwa akimnyamazisha mdogo wake anayelia, kwa kuwa wazazi wao wamekufa. Watu walicheza juu yake madansini.

Tulipowasomea hayo vijana wa kwaya, msichana mmoja wa sauti ya kwanza aliuliza: "Mwalimu, huyo mama aliwahi kusikia?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Kinachofanana na jambo letu si wizi. Fundi wetu hakuiba chochote. Alifanya kazi usiku mzima kwa fedha ndogo ya vijana. Kinachofanana ni kwamba sauti ilisafiri bila karatasi. Hugh Tracey, aliyezunguka nchi hizi akirekodi na kufika Rwanda mwaka 1952, alikuwa na mambo yake ya kikoloni ambayo hatuna haja ya kuyatetea, lakini aliandika kadi: nani anaimba, wapi, lugha gani, wimbo wa nini. Kwa sababu ya kadi hizo, leo mjukuu anaweza kumtafuta babu yake katika maktaba kule Afrika ya Kusini. Kaseti yetu ilikuja Rwezamenyo ikiwa na neno moja tu lililoandikwa kwa bik juu yake: "Mama".

Nanyi ndugu watumishi, mtuvumilie. Mwenzetu mmoja aliwahi kusema mbele ya kamera kwamba chakula hakitoshi lakini shule inaendelea vizuri. Filamu ilipotoka, tulisikia nusu ya kwanza. Shirika lingine, mwaka mwingine, likatoa nusu ya pili ya maneno ya mwingine. Hakuna aliyesingiziwa, kila neno lilikuwa lake. Hata hivyo mwenzetu wa kwanza aliitwa mlalamishi, na wa pili akaulizwa na majirani amelipwa kiasi gani. Siku hizi pia kuna kompyuta inayoweza kujifunza sauti ya mtu na kumsemesha asichokisema. Tukishindwa kulinda silabi moja, hilo tutalifanyaje?

Majuma matatu yaliyopita tulirudi hapa na binti wa marehemu. Yupo, amekaa karibu na mlango, na ameturuhusu tusimulie. Hakutaka kuja. Alikuja kwa sababu mdogo wake alimwambia kwamba kaseti yenyewe ni nzima, kwani fundi hakuikata, alikata nakala. Kwa hilo tunamshukuru fundi mbele ya watu wote. Kama tungekuwa enzi ya wembe, ile "ha" ingekuwa imefagiliwa zamani.

Fundi alizima geti. Mvua ikarudi chumbani. Akasema kwa heshima kwamba anaweza kuipunguza kwa njia nyingine, kidogo kidogo, bila kugusa maneno. Dada akamjibu: "Hiyo mvua muiache." Likaja neno, zima. Akaomba lirudiwe mara moja tu.

Kisha akauliza: "Kikohozi kiko wapi?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amesikia kikohozi. Fundi peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa. Akafungua kazi ya zamani akatuonyesha: baada ya jina la tano alikuwa amekata karibu sekunde mbili, mahali ambapo mama alikohoa, kisha akavisogeza vipande viwili vikakutana. Alikata kwa ustadi, pale ambapo mstari wa sauti unapita katikati, ili pasisikike mlio wowote. Tungeusikiliza mwaka mzima tusingejua. Dada akaeleza kwamba mama yake hakuwa na ugonjwa wa kifua. Alikohoa kila alipokaribia jina la sita, kwa sababu la sita lilikuwa la mwanawe. Hakuweza kulitaja moja kwa moja.

Kikohozi kimerudishwa.

Fundi akamwuliza, kwa sauti ya chini, kama biti iondolewe. Akaomba kuisikia. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Akasema vijana wanaweza kutumia sehemu ile ya mwanzo ambapo mama anavuma tu bila maneno, waifanye watakavyo, iwe ya haraka au ya polepole. "Lakini majina msiyakate, wala msiyarudierudie. Kaka yetu alikufa mara moja."

Juu ya hilo kamati bado haijaafikiana. Wazee wanasema wimbo mzima usiguswe. Vijana wanasema bila biti, wadogo zao hawatausikiliza, na majina yatakufa na kaseti. Sisi tunaona kila upande una haki, na hatuoni aibu kusema hivyo ingawa mwalimu hutakiwa kuwa na jibu. Tunachopendekeza, na ambacho pande zote mbili zimekubali, ni kazi ya karatasi tu. Kaseti ya asili isikatwe na isitoke kwa mwenyewe; studio ipewe nakala. Pamoja na nakala iende karatasi yenye maneno yote, kila neno kama lilivyotamkwa, "ba" ibaki "ba", na tafsiri kwa Kinyarwanda au Kifaransa kama fundi anaihitaji. Jina la mwimbaji liandikwe, au kama familia haitaki, iandikwe kwamba haitaki. Na kabla ya wimbo kupigwa kwenye spika, mtu mmoja wa familia na mtu mmoja anayejua lugha waketi wausikilize mpaka mwisho bila kuzungumza na simu. Kazi hiyo ya kusikiliza walimu tumeichukua. Hatulipwi.

Watumishi wawili wametuuliza kama karatasi hiyo inaweza kutumika pia kwa mahojiano wanayorekodi wao. Tumewapa nakala.

Leo kwaya inaurekodi wimbo upya, sauti nyingi, ili uwepo pamoja na wa mama. Asubuhi palikuwa na mabishano: waitamke ile "h" kwa nguvu ili yaliyotokea yasitokee tena, au waimbe kama yeye? Sisi walimu tulitaka itamkwe, na tulikuwa na sababu nzuri sana za sarufi. Dada amesema waimbe kama mama. Basi wataimba kama mama, na fundi amekwisha kuzima geti.

Tunaanza saa nane kamili. Mnaobaki chumbani zimeni simu, na mwenye kikohozi akae tu.